Disketi Nne na Neno "Labda"

Kakamega,
Ijumaa, saa saba na robo mchana.

Mmbone, mama mkwe wangu mdogo,

Nimekuita hivyo tangu ulipozaliwa ukapewa jina la mama yake baba yako, kwa maana mtu hawezi kumwita mama mkwe wake kwa jina kavukavu, hata kama mama mkwe mwenyewe ana siku mbili na hana jino. Leo nimeanza na jina lenyewe. Ninayotaka kukuambia hayataki utani, ingawa najijua, utaniponyoka tu.

Niko ofisini peke yangu. Wenzangu wameenda kula, na mkubwa wetu yuko mkutanoni Malava hadi saa tisa. Kesho asubuhi unapanda basi la Nakuru, na jioni ya leo nyumba itajaa watu wa kukuaga. Shangazi zako watakufundisha jinsi ya kufunga sanduku na jinsi ya kumjibu mwenye nyumba. Baba yako atashuka kutoka msituni Buyangu na sare zake za ulinzi, akueleze habari za watu wa mjini mpaka usinzie. Wacha waseme. Mimi hayo yote nayaruka.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye taipureta mimi si mkweli. Nimechapa barua za watu wengine miaka kumi na saba, na vidole vyangu huandika "nimeelekezwa nikufahamishe" kabla sijafikiri. Jana nilijaribu kukuchapia hii, nikajikuta nimeweka namba ya kumbukumbu juu kulia. Nikaichana.

Ni habari ya zile disketi. Ndiyo, zile.

Najua ukifika hapa utataka kuikunja karatasi. Usiikunje, sikuleta lawama. Vumilia tu nikivuruga mambo, kwa sababu jambo lenyewe sijalielewa mpaka leo, na nimelifikiria miaka mitatu.

Ulikuwa kidato cha pili chama chetu cha wakulima wa miwa kilipopewa kompyuta na wafadhili. Iliwekwa mezani kwangu na kufunikwa kitambaa alichodarizi mke wa mkubwa, utadhani ni bibi harusi. Pamoja nayo kilikuja kiboksi chenye disketi nne. Yule aliyeileta alitueleza kwamba hizo ndizo za kuiwekea mashine mfumo, yaani ile programu ya kwanza inayoiamsha kabla ya programu nyingine yoyote. Siku mashine ikikataa kuamka, tutie disketi ya kwanza, tuiwashe, nayo itaanzia hapo. Mkubwa akaniambia nizitunze. Nikazifungia kabatini pamoja na muhuri.

Nawe ukawa unakuja Jumamosi. Mkubwa mwenyewe ndiye aliyekuruhusu. "Wacha mtoto ajifunze," alisema, "sisi tumeshazeeka." Katika majuma manne ulishika mambo niliyokuwa nimehangaika nayo miezi mitatu. Nilikuonea fahari, na nilikuonea wivu kidogo pia. Sikuwahi kukuambia yote mawili.

Kisha akaja mgeni kutoka Matungu, karani wa chama kama chetu, mtu mpole mwenye kofia nyeupe. "Asalamu aleikum, mama. Habari ya kazi?" Alikuwa amebeba sukari guru imefungwa kwenye gazeti. Chama chao kilikuwa kimepata kompyuta kuukuu isiyo na mfumo, basi akatumwa kwetu. Mkubwa akaniambia, "Mama Mmbone, huyu ni mwenzetu. Tengenezea yeye nakala ya hizo disketi, na yeye awashe yake."

Nikafanya nilivyojua. Nilitia disketi ya kwanza, nikaita orodha ya vilivyomo, nikanakili faili zote ndani ya mashine, kisha nikatia disketi tupu nikazirudisha humo. Hivyo hivyo mpaka ya nne. Tena nilikuwa makini, Mmbone. Nilichapa orodha mbili kwenye karatasi, ya disketi halisi na ya nakala, nikazilinganisha kwa rula mstari kwa mstari. Majina yaleyale, tarehe zilezile, ukubwa uleule. Nikatosheka.

Hapa ndipo pa kunicheka. Wewe unajua kazi yangu. Barua ikichapwa, karatasi ya juu, ile halisi, hutiwa sahihi na kutoka. Ile ya kaboni hubaki kwenye faili. Tangu nianze kazi sijawahi kumpa mtu ya kaboni nikabaki na halisi, maana huko ni kumdharau. Na huyu alikuwa mgeni, na alikuja na sukari guru. Basi nikamkabidhi zile nne halisi ndani ya kiboksi chake, nikamshukuru kwa kututembelea. Nakala nikaziandika lebo kwa mwandiko mzuri, nikazifungia kabatini. Sikusita hata kidogo. Niliona nimefanya kazi safi.

Ukaja mwezi wa nane na radi zake. Alasiri moja mvua ya mawe ilitukuta kabla sijachomoa waya ukutani. Taa zilipasuka mbili. Asubuhi yake mashine ilikuwa na kioo cheusi na mstari mmoja mweupe ukipepesa kama jicho. Sikuwa na wasiwasi, kwani disketi si ninazo? Nikatia ya kwanza. Ikanguruma, kisha ikaandika kwa Kiingereza kwamba hii si disketi ya mfumo, niibadilishe kisha nibonyeze kitufe chochote. Nikabonyeza kitufe. Ikaandika vilevile. Nikabonyeza kingine, si walisema chochote? Nilivibonyeza vyote, hata vile ambavyo mpaka leo sijui kazi yake.

Ndani ya mashine hiyo ndimo ilimokuwa orodha ya zamu za kuvuna. Ya karatasi tulikuwa tumeacha kuiandika tangu tupate kompyuta, kwa maringo. Siku ya tatu wakulima wa Kabras walikuwa wamejaa barazani. Mzee mmoja alinijia na fimbo yake hadi mezani. "Mama, miwa yangu inakauka kwa shamba," alisema. "Na wewe unaniambia mashini imelala? Si uiamshe!"

Mkubwa akatuita sote. "Nani ameshikashika hii vitu?" aliuliza. Tarishi akaangalia viatu vyake. Wengine wakaniangalia mimi, kwa sababu ufunguo wa kabati ulikuwa shingoni mwangu. Nikakumbuka Jumamosi moja ulivyokaa unasoma huku unachezea disketi, unavuta kile kibati chake na kukiachia, ta, ta, ta. Nikasema, "Labda ni mtoto. Ako na kamchezo ka kuvutavuta hiyo chuma."

Nilisema labda. Nakuapia kwamba wakati ule niliamini. Kulikuwa na kibati, na kulikuwa na mkono wako. Kilichobaki kilikuwa kiza kitupu kwangu, nami nikashika nilichokiona. Lakini lile labda halikufika hata mlangoni. Mkubwa akasema, "Basi huyo mtoto asikanyange hapa tena." Na jioni, baba yako alipouliza, nilimweleza bila labda.

Wewe ulisema, "Sikuharibu." Ulilisema mara mbili. Mimi nikakuambia usinijibu.

Baada ya wiki mbili akaja fundi kutoka Kisumu, kijana wa miwani na mkoba mdogo. Alitia disketi yake mwenyewe, na mashine ikaamka hata kabla chai yake haijapoa. Orodha ya zamu ilikuwemo, salama, haikuwa imekwenda popote. Kisha akachukua disketi zangu, akazitazama, akanigeukia.

"Mama, hii ulikopi aje?"

"Nilikopi zote. Hakuna hata moja nimeacha."

"Ulikopi faili?"

"Ndiyo, faili. Kwani kuna nini kingine?"

Akacheka, lakini kwa upole. "Mashine ikiamka haijui faili ni nini. Inaangalianga pale mwanzo kabisa ya disketi, mbele ya orodha. Hapo ndio imeandikwa vile itaanza. Hiyo haionekani kwa orodha, na ukikopi faili, yenyewe haiendi."

"Kama haionekani, wewe uliiona wapi?"

"Hata mimi sijaionanga. Lakini iko."

Nilichukua daftari nikaandika maneno yake kwa hatimkato, neno kwa neno, kama ninavyoandika mikutano. Karatasi ninayo hapa. Nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyopata maishani, na kila nikiisoma naona maneno nayajua yote lakini maana inakataa kukaa. Kitu kina kila kilichomo kwenye kile kingine, hesabu ileile, na bado hakifanyi kazi, kwa sababu ya mahali ambapo hapamo kwenye hesabu. Yeye alinitengenezea nakala inayofaa kwa njia nyingine, kipande kwa kipande, mashine ikimwambia toa hii, weka ile, toa ile, weka hii. Nikamuuliza swali lililokuwa likinisumbua: ikiwa mashine haiamki bila disketi, na disketi haitengenezwi bila mashine iliyoamka, ya kwanza ilitengenezwa na nini? Akasema aliyeitengeneza alikuwa na nyingine. Na huyo je? "Mama," akasema, "wacha niende, gari itaniacha."

Siku hizi natengeneza disketi hizo mwenyewe na zinaamsha. Ukiniuliza kwa nini zinaamsha, sijui.

Lakini lile jingine nililielewa siku ileile, bila hatimkato. Nilimwambia kwamba kulikuwa na mtoto aliyezichezea. Akatikisa kichwa. "Hakuna mtu aliharibu. Hata ungefungia hii kwa kabati miaka kumi, mtu asiguse, haingewasha. Ilikuwa hivyo tangu siku ulikopi."

Hapo mkubwa akaingia. Aliona kompyuta imeamka, akapiga makofi, akauliza, "Kwa hivyo ni yule mtoto, eh?" Fundi akaniangalia. Aliningoja, Mmbone. Aliningoja mimi niseme. Nikasema, "Imeshatengenezwa, bwana." Kijana akafunga mkoba wake polepole, akaondoka bila kuniaga.

Kwamba sikujua kunakili, hilo si kosa. Kwamba nilimpa mgeni zile halisi, hilo ni ushamba wangu na mazoea ya kazi. Kwamba nilisema labda, hata hilo nilikuwa nimechanganyikiwa. Kosa langu ni yale maneno mawili niliyoyasema nikiwa sijachanganyikiwa kabisa.

Nilikuwa na sababu. Mwezi ule kulikuwa na minong'ono ya watu kupunguzwa kazi, na wachapaji ndio waliotajwa kwanza, eti kompyuta imekuja. Nikaona kwamba mkubwa akijua kuwa mimi ndiye niliyetoa disketi halisi na kubaki na makapi, jina langu litakuwa la kwanza. Nikajiambia mtoto hafutwi kazi. Mtoto anasahau. Mtoto hana cha kupoteza. Sababu ile bado naiona ni kubwa, na bado naiona haifai. Sijui yanawezaje kuwa kweli yote mawili, lakini nikikudanganya kwamba nimeliamua moja, nitakuwa nimeanza uongo mwingine.

Basi wakakupa jina la Raba, kifutio, eti unafuta kila unachogusa. Baba yako mdogo ndiye aliyelianzisha, lakini tuliolilea ni sisi sote. Pasi ikiungua, "Raba amepita hapa?" Redio ikikoroma, "Nani amemruhusu Raba aguse?" Wewe ulicheka nao. Mimi nilicheka zaidi yao, na ndilo jambo linaloniumiza kuliko yote, maana wao walikuwa hawajui.

Sikuona mara moja ulivyobadilika. Nilipokuambia uwashe redio, ulimwita ndugu yako. Saa yangu ilipokwama, zamani ungeifungua kwa kisu kabla sijamaliza kusema, lakini siku hiyo uliniletea mkononi ukaniambia nipeleke kwa fundi. Nikasema moyoni, amekua, ametulia. Mama mjinga. Kisha mwaka huu ikaja ile fomu ya chuo cha Nakuru. Niliiona mezani kabla hujaituma. Ulikuwa umeandika "Kompyuta" kwa penseli, ukaifuta, ukaandika "Ushonaji" kwa kalamu. Nilipokuuliza ulinijibu bila hata kuniangalia: "Mama, cherehani ikiharibika ni sindano tu."

Tangu siku hiyo silali vizuri.

Sasa ndipo ninapopotea kabisa, na hapa hakuna fundi wa kunisaidia. Huenda unapenda kushona. Kitambaa kinakutii, hilo nimeliona, na lile gauni ulilomshonea shangazi yako mdogo limemkaa kuliko ya dukani. Kama ni hivyo, shona, usinisikilize. Lakini huenda nilikuondolea kitu, na wewe umekaa juu ya pengo lake ukiliita kupenda. Nimekutazama wiki nzima nikitafuta ishara ya kunionyesha ni lipi. Ukicheka, nasema anafurahia kwenda. Ukinyamaza, nasema ni mimi. Nilifikiri nikutengenezee disketi moja inayoamsha nikufungie sandukuni, kisha nikaona nitakuwa nakusukuma, nikaiacha. Chuo wanasema mtu anaweza kubadilisha kozi katika juma la kwanza. Nimekuambia, basi. Sitalitaja tena.

Mwenye jina lako aliwahi kunilaumu kwa jambo nisilolifanya. Nilikuwa nimeolewa miezi michache, ng'ombe akaingia kwenye mahindi, naye akawaambia wanawake wote wa kijiji kwamba mke wa mwanawe ni mzembe, hajui kufunga kamba. Ikaja kujulikana kwamba ni yeye aliyekuwa amemfunga asubuhi hiyo. Mtu mwingine angeninyamazia, maana mimi nilikuwa nani? Yeye alinifuata hadi kisimani, wanawake wakiwa wamejaa na mitungi yao, akasema kwa sauti ile yake ya kuita watu wa ng'ambo, "Nilisema huyu ndiye aliyefunga ng'ombe vibaya. Si yeye. Ni mimi." Akatua mtungi wake akasubiri zamu kama wengine. Hakuniomba radhi hata kidogo, wala sikuona haja. Niliteka maji yangu nikaenda, na toka siku ile nilimpenda mpaka tulipomzika.

Miaka yote hii nilidhani jambo gumu lingekuwa kukuambia wewe. Ndiyo maana nimekuwa nikitafuta nafasi ya kukaa nawe wawili tu, jikoni, mlango umefungwa, tulie kidogo, yaishe. Leo nikiandika ndipo nimeona kwamba hiyo ingekuwa njia yangu ya kutoka kwa urahisi. Wewe huhitaji kuambiwa kwamba hukuharibu. Wewe ulijua, na ulisema mara mbili. Wanaohitaji kuambiwa ni wale waliokucheka.

Barua ya kumweleza mkubwa ukweli nimeshaimaliza. Hiyo niliichapa, ina mistari mitano, iko mezani kwake chini ya kikombe. Atakaporudi saa tisa ataisoma, na atakavyoamua, ataamua. Ajabu ni kwamba hiyo haikunitisha kama inavyonitisha sebule yetu.

Jioni, kabla watu hawajanawa mikono, kabla obusuma, ugali wetu, haujafika mezani na baba yako mdogo hajaanza mizaha yake, nimepanga kusimama. Naogopa. Nawajua wale watu, na nijuavyo mimi, nitasimama nikiwa na maneno yote kichwani, kisha mtu ataniuliza chumvi iko wapi, na nitakwenda kutafuta chumvi. Ndiyo sababu nitakuwekea barua hii katikati ya nguo zako kabla ya wageni kufika.

Utakapoisoma Nakuru utakuwa unajua tayari kama nilisema. Kama nilisema, ifanye unavyotaka, hata ukiwashia jiko. Kama nilinyamaza tena, usinihurumie. Mtumie baba yako barua hii, umwambie awakusanye wote waliokuita jina lile, nami nikiwemo, aisome kwa sauti. Ya fundi na ya hatimkato aruke. Asome hapa tu, ambapo nimeandika kwa mkono wangu na kuweka sahihi: disketi niliziharibu mimi, nikajua, nikanyamaza miaka mitatu. Mmbone hakuharibu kitu.

Mama yako,
Rispa.